Pimamaji

Bwawa la kwanza tulilifukia Lowri alipopata mimba.
Toroli kumi na nne za udongo, mvua ya Machynlleth mgongoni,
na vyura tukawahamisha kwa ndoo
hadi mtaro wa shamba la Tegwyn,
wakitutazama kama wapangaji
waliofukuzwa kabla mwezi haujaisha.

"Mama, maji ni maji," Lowri alisema.
"Hata yakiwa ya kifundo cha mguu."
Sikubishana. Nimeuza vitambaa miaka thelathini,
namjua mteja akishafumbata mikono.

Lakini bustani bila maji ilinikaa vibaya,
kama koti lililokosa kifungo kimoja.
Mabli akatimiza miaka miwili.
Nikamsimamisha mlangoni na futi yangu ya kushonea:
sentimita themanini na sita, pamoja na soksi.
Basi ukuta uwe sitini na tano.
Kidevu kifike, kifua kisivuke.

Iestyn akaagiza mbao nene za mwaloni, mpya,
si mataruma ya reli ya zamani;
yale yamekunywa lami na dawa,
na konokono hana pa kukimbilia.
Tukazipandisha safu tatu, parafujo ndefu kama kalamu.
Ndani, blanketi kuukuu la marehemu mama yake,
juu yake mpira mweusi, na pembe nikazikunja mwenyewe
jinsi linavyokunjwa shuka la hospitali.
Weka pimamaji, nikamwambia.
Akasema jicho lake linatosha.

Bomba hatukulifungua. Tulingoja mvua,
na mvua ya huku haibembelezwi:
siku tisa, likajaa.

Halafu wavu. Hapo ndipo kazi ilipokuwa.
Fito za chuma, unene wa kidole cha mwisho,
matundu yasiyopitisha ngumi ya Mabli,
umekazwa kwa bolti kwenye mbao, kiganja kimoja juu ya maji.
Tukaubebesha gunia la viazi, kilo ishirini na tano.
Haukushtuka.
Iestyn akapanda kwa magoti. Akaniomba nisicheke.
Nilicheka.

Lowri alikuja Ijumaa, moja kwa moja kutoka kazini.
Hakusema neno. Akabonyeza kwa kiganja,
akatikisa bolti moja moja, zote kumi na mbili.
Kisha akageuka, akaketi katikati,
mzima, na sketi yake ya benki, miguu ikining'inia.
Wavu ukabonyea unene wa sarafu.
Akakaa hapo
muda mrefu kuliko jaribio linavyohitaji,
akichungulia kati ya magoti,
nami nikamwona tena wa miaka minne,
tumbo chini kando ya bwawa lile tulilolifukia,
akimpa kila kiluwiluwi jina na ubini.

"Asiachwe hapa peke yake," akasema. "Kamwe."
"Kamwe," nikajibu. "Wavu si yaya."

Nyuma, upande wa ua wa miti, tumeegemeza tawi
jembamba mno kwa mguu wa mtoto,
barabara kuu kwa chura.
Mabli husimama upande wa mbele, kidevu juu ya mbao,
mkono wangu kwenye ukosi wake.
Kwangu mimi haya ni maji ya kifuu.
Kwake, na kwa chungu aliyetumbukia jana
tukamwokoa kwa jani, ni bahari.
"Kubwa," ananiambia. "Kubwa, Nain."
Sina la kupinga.

Ila pembe ya kaskazini imeshuka.
Upana wa kidole, si zaidi,
lakini maji hayajui kumfichia mtu aibu:
upande huu mpira mweusi umebaki mkavu,
upande ule yanakaribia kulamba mbao.
Iestyn anadai ni nyumba ndiyo iliyoinama.
Pimamaji imo kabatini, ndani ya karatasi yake ya dukani.

Chura wa kwanza alifika Jumanne usiku.
Alilizunguka bwawa zima,
akachagua pembe ile ile.